Kibarua wa Kontrakta Mdogo ni Mtu wa Nani?



Karatasi hii imesema mara nyingi juu ya mishahara, na ni haki, maana mshahara ndio unga. Leo twaomba nafasi tuseme habari za watu ambao hawamo katika orodha ya mishahara yetu, wala hawamo katika daftari la chama. Twawaita "watu wa kontrakta". Mmewaona wote. Huletwa asubuhi kwa lori, wamesimama kama ng'ombe wa mnada. Hufyeka majani kando ya njia, huzibua makalvati, hupakua kokoto na mataruma, hujenga ua wa waya. Jioni lori huwachukua tena. Wakiwa wazima hakuna awaulizaye majina. Mmoja akiumia ndipo huanza swali: huyu ni mtu wa nani?

Sisi wa gengi moja upande wa Makueni tuliliona swali hilo kwa macho yetu, na sasa ni miezi kumi na moja. Mataruma ya zege yalikuwa yakishushwa garini kwa mnyororo. Mnyororo uliteleza, taruma moja likamwangukia kijana mguuni. Taruma la zege haliinuliwi na watu wawili. Tuliacha kazi yetu tukaliondoa kwa mitalimbo, tukamfunga mguu kwa shati, na lori la gengi letu ndilo lililompeleka hospitali ya misheni. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kijana huyo kwao ni Kitui, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Mutomo. Ana mke na watoto wawili, na mama yake yuko hai.

Siku ile alikuwa amevaa kofia ngumu yenye jina la kontrakta mkubwa, na koti la kung'aa lenye jina lile lile mgongoni. Tuliposema ofisini kwa kontrakta mkubwa kwamba mtu wenu ameumia, karani alifungua kitabu, akapitisha kidole juu hadi chini, akasema, "Huyu si wetu." Kofia ni yao, kichwa si chao.

Hatutaji jina la kontrakta, mkubwa wala mdogo, kwa sababu shauri hili bado liko mbele ya afisa. Lakini twaweza kueleza jinsi kazi ile ilivyoshuka ngazi, na kila msomaji ataona kwamba ndivyo ilivyo na kwake. Kontrakta mkubwa alipata kazi. Akampa kampuni nyingine sehemu ya kupakua na kupanga. Kampuni ile ikampa mtu mmoja mwenye lori. Mwenye lori akamwambia nyapara atafute vijana thelathini. Nyapara akawaita kwa simu, na kila Jumamosi aliwalipa kwa M-Pesa, tena kwa namba ya mke wake. Kwa hiyo ukiuliza karatasi inayosema nani alimwajiri kijana huyu, hakuna. Karatasi iliyopo ni ujumbe wa simu wenye jina la mama mmoja ambaye hajapata kukanyaga reli maisha yake.

Baada ya wiki tatu mama wa kijana aliondoka nyumbani kufuata haki ya mwanawe. Alipanda basi la Kibwezi, akavuka daraja la Athi. Ofisi ya kwanza ilimwambia kwamba ajali ilitokea katika kaunti nyingine, aende huko. Ofisi ya pili ilimwambia kwamba mwajiri hana ofisi hapa, atafute ilipo ofisi yake kubwa. Huko mjini akaambiwa alete fomu ya DOSH/WIBA 1 iliyojazwa na mwajiri. Mwajiri ni nani? Mwenye lori alikuwa amezima simu. Mama alirudi kwa usiku mbili njiani. Usiku mmoja alilala Makindu, katika hekalu la Masingasinga, lile ambalo watu wa reli walilijenga mwaka wa 1926, na ambapo kila mpitaji hupewa chakula bila kuulizwa dini yake wala kaunti yake. Alituambia kwamba katika safari ile yote ni pale tu ambapo hakuulizwa yeye ni mtu wa wapi.

Yafaa tuseme wazi juu ya neno hili la kaunti, kwa kuwa limewapotosha wengi. Mto Athi wagawa Kitui na Makueni kwa mambo ya zahanati, soko na barabara ndogo. Katika mambo ya fidia hauko. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi nyingi, lakini sheria za kazi ilizibakiza kwa Serikali ya Taifa. Sheria ya fidia ya mwaka wa 2007, ile ambayo sote twaiita WIBA, ni moja kutoka Kwale hata Turkana. Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ni mmoja, na maofisa walioko kaunti ni mikono yake. Mkono wa kushoto hauwezi kumwambia mtu kwamba ameumia upande wa mkono wa kulia. Na jambo hili kwetu ni kubwa kuliko kwa wengine, maana Kitui haina hata maili moja ya reli, na watu wake huvuka kuja kufanya kazi ya reli Kibwezi, Makindu, Emali na Mtito Andei. Vivyo hivyo katika bwawa la Thwake, lililozinduliwa Machi 2018 pale mto Thwake uingiapo Athi. Kazi ile imekaa juu ya mpaka wenyewe. Je, kibarua akiteleza pale, apimwe kwanza ni mguu upi uliokuwa Makueni na upi Kitui?

Sasa sheria yenyewe yasemaje? Tumeisoma, tena kwa shida, maana sisi elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na Kiingereza cha sheria hutafunwa polepole. Yasema kwamba kila mwajiri atakata bima kwa ajili ya wafanya kazi wake na kuiweka hai. Yasema mtu akiumia kazini ana haki ya fidia, na haimtaki athibitishe kwanza kwamba mwajiri alikuwa na kosa. Mwajiri atampeleka hospitali bila kukawia na kulipa gharama za matibabu. Akiisha kupata habari ya ajali, ataiandikia ofisi ya Mkurugenzi ndani ya siku saba; mtu akifa, habari ifike kwa saa ishirini na nne. Dai lenyewe lipelekwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali. Mkurugenzi akiisha kumwandikia mwajiri au kampuni ya bima, walipe ndani ya siku tisini.

Tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, yaani miaka minane, kisha hutazamwa kiasi cha ulemavu alichoandika daktari. Kibarua wa shilingi 600 kwa siku, akifanya siku 26 kwa mwezi, hupata shilingi 15,600. Mara 96 ni shilingi 1,497,600. Daktari akiandika ulemavu wa 40 kwa mia, fidia ni shilingi 599,040. Mtu aweza kununua mguu wa bandia, kusomesha watoto, na kufungua duka dogo pale Mutomo akauza sukari ameketi.

Ndugu yetu alipewa shilingi 12,000 na gunia moja la mahindi. Aliyeleta ni nyapara, usiku.

Basi twaona kwamba sheria si mbaya. Ugonjwa uko katika neno moja, nalo ni neno "mwajiri". Sheria ya Ajira ya mwaka ule ule wa 2007 yalipanua neno hili hata kumtaja wakala, meneja na nyapara. Lakini kumtaja nyapara kwafaa nini, ikiwa mali yote ya nyapara ni simu moja na pikipiki ya mkopo? Mwenye lori ana lori, nalo ni la benki. Kampuni ya katikati ina mhuri na meza. Aliye na kambi, mitambo, wahandisi, dhamana ya benki na malipo ya kila mwezi kutoka kwa mwenye kazi ni mmoja tu, kontrakta mkubwa, naye ndiye wa kwanza kusema, "Si mimi."

Tena tangu Desemba 2019 Mahakama ya Juu imekata shauri kwamba anayedai fidia chini ya WIBA aanze kwa Mkurugenzi, asikimbilie kortini moja kwa moja. Mawakili walikuwa wamebishana juu ya sheria hii miaka mingi, na wengine wetu tulifurahi iliposimama, kwa maana wakili naye ana tumbo lake. Lakini njia hiyo yafaa kwa mtu ambaye mwajiri wake ana jina na sanduku la posta. Mkurugenzi atamwandikia nani barua ya kudai, ikiwa mwajiri ni namba ya simu iliyozimwa?

Wengine watatuambia kwamba twataka jambo jipya, ati kumlipisha mtu deni la mwenzake. Si jipya hata kidogo. Mwaka wa 1897 Bunge la Uingereza lilipotunga sheria yake ya kwanza ya fidia kwa wafanya kazi, reli ilikuwa miongoni mwa kazi zilizotajwa, na iliandikwa kwamba mwenye kazi akimpa kontrakta sehemu ya kazi hiyo, mtu wa kontrakta akiumia aweza kumdai mwenye kazi, naye mwenye kazi atajua mwenyewe namna ya kudai kwa kontrakta wake. Afrika Kusini, katika sheria yao ya 1993, mtu akimpa kontrakta kazi yake, naye kontrakta hajalipa mchango wa fidia kwa watu wake, basi aliyempa kazi huhesabiwa kuwa ndiye mwajiri wao. Katika majimbo mengi ya Marekani ni hivyo: kontrakta mdogo asipokuwa na bima, mkubwa aliyempa kazi hulipa. Na huko majimbo ni hamsini, kila moja na sheria yake, watu wakivuka mipaka kila siku kwenda kazini. Hata hivyo wamegundua kwamba dawa ni kumshika yule asiyeweza kujificha.

Angalieni mwaka ule, 1897. Wakati wanaandika sheria ile London, reli yetu ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuja huku kwetu. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mikataba kujenga njia ile kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengine wengi wakarudishwa makwao wakiwa wagonjwa na vilema. Tunapochimba kando ya njia ya zamani, baina ya Mtito Andei na Sultan Hamud, mara nyingi twawaza juu ya watu wale. Mtu wa London aliyeumia relini alikuwa na mlango wa kubisha. Mtu wa Makindu hakuwa nao.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, yamwambia mwenye mahali pa kazi kwamba atawalinda watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Haikusema awalinde wale walio katika kitabu chake tu. Kwa hiyo kontrakta mkubwa hana budi kumpa kibarua wa mwingine kofia, na ndiyo sababu kofia ilikuwa na jina lake. Ikiwa kichwa ni juu yake kabla hakijapasuka, kwa nini kiwe cha mwingine kikiisha kupasuka?

Sasa twafika mahali pagumu, nasi hatutaki kupapita kwa kukimbia. Kontrakta mdogo si jambazi. Yule mwenye lori twamjua. Ni mwana wa kwetu, kijana mwenye bidii, aliyeuza ng'ombe wawili ili apate malipo ya kwanza ya lori. Tangu mwaka wa 2013 Serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sisi sote tulishangilia, kwa maana zamani kazi zote zilikwenda kwa wenye majina makubwa. Makontrakta wakubwa nao wametakiwa wawape wenyeji kazi. Je, tukitaka kila mwenye lori awe na bima, hatutawafukuza hawa na kuwarudishia wakubwa kila kitu?

Tumelijadili jambo hili katika landi zetu mpaka taa ikazimika, na si wote tuliokubaliana. Lakini walio wengi walisema hivi. Yule kijana alipata kazi kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Bei yake ilikuwa ya chini kwa kuwa bima haikuwamo. Kontrakta mkubwa, ambaye kazi yake ni kupiga bei tangu asubuhi hata jioni, aliitazama bei ile na hakukosa kuona kilichopungua. Alinunua kazi rahisi, na urahisi wake ulikuwa mguu wa mtu. Kisha akamlipa mwenye lori baada ya miezi mitatu, hata kama angetaka kukata bima angekata kwa pesa gani? Kwa hiyo twasema, kontrakta mkubwa akate bima moja ya kazi nzima, iwafunike wote wanaoingia langoni, wa kwake na wa wadogo, na gharama yake iandikwe waziwazi katika bei ya kazi tangu mwanzo. Mdogo hatafukuzwa na mtu. Atashindana kwa ufundi wa kupakia na kupakua, si kwa kuthubutu kuacha watu bila bima. Na mahali ambapo mkubwa hakufanya hivyo, mtu akiumia mkubwa alipe kwanza, halafu amtafute mdogo wake kwa wakati wake. Yeye ana mawakili wa kumtafuta. Mama wa Mutomo hana.

Jambo hili halihitaji kungoja Bunge. Shirika la umma linapotoa kazi, laweza kuandika katika mkataba wake kwamba hakuna hati ya malipo itakayopitishwa bila cheti cha bima chenye idadi ya watu wote walioko mahali pa kazi. Mkaguzi huhesabu mataruma moja moja kabla ya kutia sahihi. Ahesabu na watu.

Kuna na mpaka ulio mnene kuliko Athi. Wazee wetu waliofanya kazi chini ya East African Railways, tangu 1948 mpaka ilipovunjika 1977, walikuwa na mwajiri mmoja kutoka Mombasa hata Kampala na Tabora. Mtu wa Kitui akiwa Tororo, mwajiri wake alikuwa yule yule. Baadaye, kutoka 2006 hata 2017, reli ya Kenya na ya Uganda zilikuwa mkononi mwa kampuni moja ya kukodi, na tulivyoona sisi wa chini ni hadithi nyingine. Leo kila nchi ina yake. Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi na Yapi Merkezi, kampuni ya Uturuki iliyojenga reli ya Tanzania kutoka Dar es Salaam, ili ijenge njia ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Kazi ya namna hii haikosi manyapara, na manyapara hawajui mpaka. Simu italia Ikutha na Kibwezi, na vijana wetu watapanda basi.

Huko watakuta nini? Uganda ina sheria yake ya mwaka 2000, inayomtaka mwajiri awe na bima. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, ambao waajiri wote huuchangia, na kwa maoni yetu njia hiyo ni bora kuliko yetu ya kila mwajiri na kampuni yake ya bima. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza Julai 2010, wasema mfanya kazi kutoka nchi mwanachama apate mafao ya hifadhi ya jamii kama wenyeji. Na tangu 1925 kuna Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaosema mgeni akiumia kazini afidiwe sawa na mwenyeji, nazo Kenya, Uganda na Tanzania zimeukubali. Maneno haya ni mazuri sana. Lakini yote yaanza kwa kudhani kwamba mwajiri ajulikana. Kibarua aliyeitwa kwa simu Kibwezi, akalipwa kwa namba ya mke wa nyapara, akavunjika mgongo ng'ambo ya Malaba, kitabu cha nchi gani kitafunguliwa, na jina la nani litasomwa ndani yake? Ikiwa kuvuka daraja la Athi kumemchosha mama hivi, Malaba je?

Tuseme pia kosa letu, kwa maana si vizuri kumulika nyumba ya jirani tu. Siku ile ya ajali tulikuwa watu kumi na mmoja wa gengi, sote wanachama, sote tuliona. Tulimbeba, ni kweli. Lakini siku ya tatu msimamizi mmoja alipotuambia tusitie mkono katika mambo ya watu wa kontrakta, tuliutoa mkono. Tulisema moyoni, huyu halipi ada ya chama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tuliona uzito wake kuwa usufi kweli kweli. Kwetu Ukambani, watu wakiwa katika mwethya wa kuchimba matuta na jembe likamkata mmoja, hakuna aulizaye kwanza kama ni wa ukoo wetu. Huku relini tumejifunza kuuliza.

Tena ni ujinga hata kwa faida yetu wenyewe. Kila kibarua asiye na bima ni sababu ya kutoajiri mtu wa gengi mwenye bima. Tulipokuwa wengi kazi ya mataruma ilikuwa yetu. Gengi zimepunguzwa, na kazi imekwenda kwa watu wa lori kwa kuwa wao ni rahisi, na urahisi wao tumekwisha kuueleza. Sheria ya Ajira yasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo mpaka siku zake zikatimia mwezi, ahesabiwe kama mtu wa mkataba wa mwezi. Ni nani kati yetu aliyewaambia vijana wa lori neno hilo?

Basi tumewaambia sasa, na twawaomba wanachama wa matawi mengine wafanye vivyo hivyo. Kibarua asifute ujumbe wa M-Pesa, hata kama umetoka kwa jina geni, maana tarehe na kiasi cha kila Jumamosi ni ushahidi wa kazi. Apige picha ya kadi ya langoni, ya kofia na koti, na ya namba ya lori. Aandike majina ya wenzake watatu. Akiumia, hospitali iandike kwamba aliumia kazini, na mahali, si "alianguka" tu. Wengine hudhani kwamba wakiwa na kadi ya SHA yatosha. Kadi hulipa kitanda, hailipi mguu. Na habari ya ajali ipelekwe ofisi ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu, kwa maandishi yenye nakala iliyopigwa mhuri, akisema afisa kwamba ni kaunti nyingine aombwe aandike hivyo kwa mkono wake. Tumeona kwamba wakiombwa kuandika, wengi hukumbuka kwamba sheria ni moja.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mwezi uliopita kwa ndugu yetu. Watu saba kati ya kumi na mmoja wamekubali kutia sahihi maelezo ya waliyoyaona. Wanne wameogopa, nasi hatuwalaumu, wana watoto. Barua imepokewa, mhuri upo, na kontrakta mkubwa ametajwa ndani yake pamoja na mwenye lori na nyapara, ili afisa mwenyewe aamue ni nani mwajiri. Twajua kwamba wakubwa watakana. Tulichobakiza ni kuonyesha kwamba kijana alikuwa akifanya kazi pale tangu siku nyingi, wala hakuwa mpita njia aliyekuja kuokota vyuma, kama karani mmoja alivyothubutu kusema.

Miezi kumi na miwili yaisha baada ya wiki tatu na siku chache. Yeyote aliyepiga picha mahali pale siku ile au wiki ile, hata kama katika picha aonekana yeye mwenyewe akicheka na lori liko nyuma, ailete kwa katibu wa tawi kabla ya Jumamosi. Na mwenye kujua alikohamia nyapara, aseme. Hatutaki kumpiga. Twataka namba zake za simu za mwaka jana, na jina la aliyekuwa akimtumia pesa.